Alama Aliyoiruka

Kituoni walimwita King'ora. Si kwa sababu alikuwa dereva wa gari la zimamoto kwa miaka kumi na tisa, bali kwa kicheko chake: akicheka gerejini, walioko ofisini wanasimamisha simu. Nyumbani alikuwa na mke, mabinti wawili, na mdogo wake wa pekee, seremala, aliyemlea mwenyewe tangu wazazi wao walipofariki.

Mwaka ule ilitoka amri vichochoro vyote vipimwe. Chochote kilichoziba njia ya gari kipigwe alama nyekundu, na mwenyewe akibomoe ndani ya wiki mbili. King'ora akapangiwa mtaa alikozaliwa. Alipita na kopo la rangi, huku akitukanwa mlango hadi mlango. Mshonaji mmoja, mwanamke wa nyumba ya mwisho kabisa, ndiye pekee aliyempa kiti. Mshonaji alikitazama kibaraza chake kilichopigwa alama, alichoshonea ili awe karibu na dirisha la mama yake aliyepooza.

"Sheria ni msumeno, kaka," alisema. Kesho yake akakibomoa.

Kikabaki kibanda cha mbao cha mdogo wake, pale kichochoro kinapoanzia.

"Na mimi pia?" mdogo mtu alicheka, randa mkononi. "Wewe ni ndugu yangu au ndugu wa serikali?"

"Kinakula njia, mdogo wangu."

"Nipe mwezi mmoja. Nikimaliza vitanda vya shule naking'oa mwenyewe."

Damu nzito kuliko maji. King'ora akafunika kopo, na kwenye fomu akaandika: njia iko wazi.

Mwezi ukazaa miezi. Jumanne moja saa saba mchana simu ikalia: nyumba ya mshonaji inaungua, mwenyewe katoka kununua uzi, mama yuko ndani. King'ora alifika kwa dakika sita. Pale kwenye kibanda gari likakwama. Alilisukuma hivyo hivyo. Kioo kikavunjika, ubavu ukakwaruza ukuta, halikupita. Wenzake wakaruka chini, wakaburuta mipira ya maji kwa miguu. Wa kwanza haukufika. Wakaunga wa pili, wakaunga wa tatu. Mdogo wake alikuwa akikipiga kibanda chake kwa nyundo, machozi yakimtiririka. "Bado kidogo, kaka! Bado kidogo!"

Walipomtoa yule bibi hakuwa na hata alama ya moto mwilini. Ni moshi tu. Gari la wagonjwa liliondoka naye taratibu, bila haja ya kuwahi.

Siku ya tatu ya msiba King'ora alikwenda, akaketi mbele ya mshonaji, akasema yote: kibanda, fomu, uongo wake.



"Nilikiona hakina alama," alisema mshonaji. "Kila siku napita pale. Nikajiambia, huyu ndiye anayelijua gari lake. Kama hakukipaka rangi, basi amepima, linapita."

King'ora alitamani angetukanwa. "Nisamehe, dada."

"Sijui. Usiniulize leo."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo, akaandika kwa mkono wake kile alichokificha. Alivuliwa udereva. Siku hizi huosha mipira na kuianika, na huihesabu mara mbili mbili, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Mdogo wake alikibomoa kibanda wiki ile ile, mbao zikaondoka, na yeye akahamia mji mwingine. Hawajagombana, afadhali wangegombana. Tatizo ni kwamba kila mmoja akimwona mwenzake anakiona kile kichochoro. Kila Ijumaa seremala humpigia simu shemeji yake, na mwisho wa mazungumzo huuliza, "Kaka yupo?"

"Yupo. Nikupe?"

"Hapana. Msalimie tu."

King'ora, aliyeketi hatua mbili kutoka pale, husikia kila neno. Mkewe akikata simu na kumgeukia, yeye hutangulia kusema, "Mwambie salamu zimefika."