Waasi wa Nyotani Wakamatwa Bandarini

Kisa hiki alinisimulia shangazi yangu, mwalimu wa Kifaransa huko Kanyosha, siku ile ile kilipotokea, wakati wa vita vya serikali na waasi. Alishuka bandarini kwetu, ng'ambo ya ziwa, kutoka Kigoma na riwaya moja ya kusomwa na darasa zima. Askari wa ukaguzi aliweka kidole juu ya jalada, palipoandikwa kwamba waasi wa karne zijazo wanapigana na dola la angani.

"Mama, hii ni kitabu ya warebeli. Inabaki hapa."

"Ni warebeli wa mu nyota, mwanangu."

"Apana. Rebeli ni rebeli."

Shangazi aliketi juu ya sanduku lake, akamnyooshea daftari na kalamu. "Basi andika: nimekamata vita ya mu nyota. Weka na jina yako. Mi nangoja."

Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Askari alitazama kalamu, akang'oa jalada, akamrudishia kurasa.

"Pita, mama. We ni mubishi!"

Vita vilitufikisha mahali pa kuogopa hata waasi ambao hawajazaliwa.

Shangazi yu hai. Askari sijui, ingawa nimemuulizia mara mbili. Wa darasa lile nawajua tisa walio hai, na wote waliisoma riwaya ile hadi mwisho.