Jumapili ya Mikono

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliacha kusikia akiwa na miaka tisa, baada ya homa kali. Wazazi walimpeleka shule ya viziwi ya masista, mbali na mji wetu wa Likasi. Aliporudi alikuwa msichana mkubwa anayeongea kwa mikono, na kambini kwetu, kambi ya wafanyakazi wa shaba, hakuna aliyeijua lugha ile isipokuwa mimi, niliyefundishwa naye alipokuja likizo. Watoto walimwita bubu. Baba alifanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba. Alimpenda, lakini alimkwepa. Akiwa na neno, alinituma mimi.

Mchezo wa kuongea kwa mikono tu aliubuni yaya. Mimi nilikuwa mwanakwaya, nikamwomba padri ukumbi, Jumapili baada ya misa. Watu walijaa, wengi wakifuata ngoma za baada ya mchezo.

Nikatangaza: "Kuanza sasa, mwenye anafungula kinywa, anatoka! Kila muntu aombe mwenzake chumvi, halafu amuambie kile alikula asubui."

Karani mmoja mwenye tai alitoka wa kwanza: alipiga chafya, akasema "pardon". Mama mmoja muuza samaki alihangaika kuonyesha samaki mpaka jasho likamtoka. Yaya akamshika mikono, akampanga vidole. Mama akarudia, jirani yake akaelewa, wote wawili wakaruka kwa furaha bila sauti.

Polepole ukumbi mzima ukanyamaza. Hapo nikamwona baba. Alikuwa nyuma na wenzake wawili wa kiwandani, mikono yao ikienda haraka kuliko ya yaya. Hatukujua. Ndani ya kelele zile za mashine, miaka yote walikuwa na ishara zao. Yaya naye aliwaona, akaweka mkono kifuani.

Ngoma zikaanza. Yaya akavua viatu, akasimama juu ya mbao za jukwaa. Kwaya tuliimba, naye akauimba wimbo kwa mikono, bila kukosa pigo hata moja. Nikasahau sauti yangu katikati ya ubeti.

Baba alikuja mpaka jukwaani. "Mutoto wangu, kumbe weye unasikiaka ngoma?"

Nikamfasiria yaya. Alichukua kiganja cha baba, akakilaza juu ya mbao zilizotetemeka kwa ngoma. Baba akapiga magoti palepale mbele ya watu, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Asubuhi iliyofuata alimuuliza yaya mwenyewe, bila kunituma mimi, ishara ya mkate, kisha naye baba akamwonyesha ile ya kiwandani ya kusimamisha mashine. Nyumbani ishara hiyo ikawa na maana ya "inatosha", na mama yetu ndiye aliyeitumia kuliko sisi wote.