Soketi za karavani na chai ya fundi

Leo nimemdanganya fundi umeme, kisha nikajifichua mwenyewe.

Mnajua naishi kwenye karavani ya zamani ya watalii, aliyoiegesha mwanangu hapa Oldonyo Sambu kabla ya kuhamia Dar. Daktari ameniambia nisipange mambo ya mbali, kwa hiyo nakiri mapema.

Asubuhi soketi zote zilikufa. Nikampigia fundi Elisante.

Akaja na testa yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

(Tangu Jumapili sikuwa nimeitikia salamu ya mtu.)

Akakagua breka, akapima nyaya, akalala chini kutazama uvungu. Muda wote tunaongea: mvua, mahindi, mkwe wake mkorofi. Nilifurahi mno.

Kisha akafunga begi.

"Babu, hili limenishinda. Nitarudi wiki ijayo na mwenzangu."

Wiki ijayo ni mbali.

"Huwezi kuondoka kwangu bila chai," nikasema.

"Chai ya umeme gani, babu?"

Nimelelewa hivyo, mgeni lazima anywe chai. Mkono ukaenda wenyewe nyuma ya kopo la sukari, kwenye soketi yenye kitufe cha usalama kinachowasha na kuzima soketi zote. Nikabonyeza. Birika la umeme likaanza kunguruma.

Tukalitazama wote wawili.

"Kumbe ulizima mwenyewe."

"Nilizima, mwanangu. Ningekuita kwa lipi?"

Hakucheka. Alivua kofia, akakaa, akauliza vikombe viko wapi.

Nyie mnaosoma hapa, mkipita huku ingieni tu. Msingoje kitu kiharibike.