Siku Niliyomvusha Mjukuu Busia

Penye watu wengi usimfunge mtoto mgongoni. Mgongoni huna macho. Mfunge mbele, kifuani, umwone anavyopumua, na uone mkono wa nani unamkaribia. Wasichana wa kwetu Molo, hii ya Uganda, hunicheka nikisema hivyo. Wananiita jaja, yaani bibi: "Jaja, nani atamtaka mtoto wako huyo wa kutapika kila saa?" Wacheke tu. Mimi nimevusha wajukuu wangu wengi pale mpakani Busia, na hakuna aliyebaki njiani.

Shuleni sikukaa sana, lakini jina la mtu halinitoki. Nakumbuka kila mwanamke aliyeshika mtoto wangu na kila aliyeomba kumshika nikamkatalia. Hapa sitaandika jina hata moja. Wengine wako hai na wana midomo.

Huyu ninayemsema ni mtoto wa binti yangu wa mwisho, aliyeolewa upande wa Kenya. Alikuja kunionyesha mtoto, wa miezi mitano, mwenye mashavu. Akapigiwa simu kwamba kuna msiba kwa wakwe zake, akasema, "Mama, kaa naye leo tu, kesho nitakuwa hapa." Akaniachia leso yake mwenyewe aliyokuwa analalia na maziwa aliyokamua kwenye kikombe. Huko msibani tumbo likamkata, wakamkimbiza hospitali, wakamtoa kidole tumbo. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Mtoto yule alikuwa anajua titi peke yake. Maziwa ya ng'ombe nilichemsha, nikayapunguza kwa maji, nikampa kwa kijiko. Alifunga mdomo. Nikilazimisha, anameza kidogo, anarudisha yote. Mashavu yakaanza kushuka. Nesi wa zahanati yetu akamminya ngozi ya tumbo, akaniambia nisingoje mama yake apone vizuri. Na jioni binti yangu mwenyewe akapiga simu. Alikuwa ameruhusiwa, yuko kwa wifi yake karibu na mpaka, daktari amesema anaweza kunyonyesha. "Lakini mama," akasema, "maziwa yanapungua. Leo nimekamua, yametoka matone tu. Niletee mtoto kabla hayajakauka."

Basi nikafunga safari.

Mwenye mtoto mchanga abebe vitu vichache lakini visikosekane. Maji uliyoyachemsha mwenyewe, kwenye chupa ya chai yako mwenyewe. Ukipewa maji na mtu, hujui sufuria yake jana ilipika nini. Kijiko chake, umekifunga kwenye kitambaa safi. Nepi juu, nguo chini, usije ukapekua mfuko mbele za watu. Na nguo ya mama yake ambayo haijafuliwa. Watu wanaona ni uchafu. Mtoto akililia mama, sabuni haimsaidii, harufu ndiyo inayomsaidia. Mimi nilichukua ile leso. Kadi ya kliniki sikuwa nayo, ilibaki kwenye mkoba wa binti yangu.

Jambo lingine. Kwetu mtoto mchanga hatajwi kwa wageni kama alivyo. Kuna watu wenye jicho. Wakimtazama mtoto aliyenona, maziwa yanaganda tumboni, usiku mzima ni kilio. Kwa hiyo mvulana tunamwita msichana. Miezi tunaongeza, ili mtu amwone mdogo na asimtamani. Jina hatulitaji. Ukisifiwa mtoto, unasema kabaya tu haka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyowalea binti zangu.

Pale Tororo nikapata kiti cha dirishani kwenye gari la Busia. Akaja mwanamke akakaa karibu yangu. Viatu vizuri vya kamba, mkoba mdogo wa mkononi, na mzigo hana. Hilo likanisimamisha masikio. Busia watu wanakwenda na magunia, na vikapu, na kuku. Mtu anayekwenda Busia mikono mitupu anakwenda kuchukua nini?

Akamtazama mtoto. "Ni mvulana, mama?"

"Msichana," nikasema.

"Ana miezi mingapi?"

"Anakaribia mwaka. Ni mdogo tu wa mwili."

"Mama yake yuko wapi?"

"Gari la mbele."

Mtoto akatoa kilio chembamba, kama cha paka. Yule mwanamke akanyoosha mikono. "Halii kama mtoto aliyeshiba. Nikushikie kidogo, upumzike."

"Sijachoka."

"Anaitwa nani?"

"Hajapewa jina."

Akanigeukia mwili mzima. "Mwaka mmoja, na jina hana?"

Nikavuta leso nikamfunika mtoto uso, nikatazama nje. Yeye akatoa simu, akaandika, akaificha nilipogeuza shingo. Nikajua anawaita wenzake.

Tuliposhuka Busia nikatembea, akatembea. Nikasimama kwa mama mmoja anayeuza machungwa, naye akasimama kwa wa viazi, na viazi hanunui. Ukifuatwa na una mtoto, usikimbie. Kaa karibu na wanawake wenye biashara, geuka, mtazame mtu huyo usoni ajue umemwona. Nilimtazama. Hakushusha macho. Mtu mwenye nia mbaya hushusha macho, na huyu hakushusha, nikaogopa zaidi.

Siku nyingine zote, sisi wazee wa hapa tunapita tu mpakani, tunasalimia, hakuna anayetuuliza. Siku hiyo mwanamke yule akanipita kwa haraka, akamwendea askari kijana, akamnong'oneza. Askari akaniita.

"Jaja, kuja hapa kwanza. Fungua huyo mtoto tuone."

"Amelala."

"Fungua tu. Juzi mama moja alipita hapa na mtoto namna hiyo, anaimbia wimbo kabisa. Tukafungua, mtoto ni jerikeni ya mafuta ya kupikia."

Watu wakacheka. Nikafunua uso wa mtoto kidogo. Jerikeni hailii, na huyu alilia. Askari akakuna kichwa. "Haya, mtoto ni ya nani?"

Mbele ya askari huwezi kuficha mtoto. Nikasema kweli. "Ni mjukuu wangu. Mvulana, miezi mitano. Mama yake amepasuliwa, yuko ng'ambo, nampeleka akanyonye."

Yule mwanamke akapiga hatua mbele. "Afande, umemsikia? Kwangu alisema ni msichana. Alisema karibu mwaka. Alisema mama yake yuko gari la mbele. Jina alisema hana."

Watu wakasogea. Kijana wa kuvusha mizigo kwa baiskeli akasema, "Huyu kikongwe ameiba." Nikasikia neno lile linapita mdomo hadi mdomo. Mikono yangu ikambana mtoto, na nikaona wanavyoitazama mikono yangu.

Akaja askari mwanamke wa upande wa Kenya, mtu mzima, akanikalisha kwenye benchi. "Nyanya, mbona ulidanganya?"

"Sikudanganya. Nilimficha."

"Ulimficha nani?"

"Huyo," nikamwonyesha mwenye viatu vya kamba. "Muulize amekuja Busia na mzigo gani."

"Nimekuja kutembelea dada yangu," mwanamke akasema. "Na wewe umekuja na mtoto wa nani?"

Nikasema waniulize majina. Nikawatajia binti yangu na mumewe, na mama mkwe, na mkunga aliyempokea mtoto, na jirani aliyeleta kuni siku ile, na mababu wa upande wangu mpaka waliozikwa kule kwetu Sop Sop. Askari kijana alianza kuchoka. Yule mwanamke akasema, "Majina hata mimi naweza kutaja." Na kweli, pale hapakuwa na hata mmoja aliyemjua niliyemtaja.

Nikampigia binti yangu simu. Akapokea yule wifi, akasema binti yangu ametoka kitambo, anakuja kutupokea mpakani, anatembea polepole. Askari mwanamke akatikisa kichwa. Simu inaweza kupokewa na yeyote. "Tutamngoja," akasema.

Mtoto alikuwa analia bila machozi sasa. Muuza duka akaleta maziwa ya pakiti na kikombe. Nikakataa. Sijui kikombe kile kimetoka wapi.

"Mtoto ana njaa na unamkatalia maziwa?" yule mwanamke akasema. "Mama gani huyo? Bibi gani?"

Hapo hata askari mwanamke uso ukabadilika. Akasema kama huyo mama hajafika hivi karibuni, mtoto atachukuliwa na watu wa ofisi ya watoto mpaka mambo yajulikane. Nikaona vizuri kitakachofuata. Mtoto ataenda huku, binti yangu ataambiwa kule, na maziwa yatakauka.

Sikuwa na la kufanya. Nikachukua ile leso isiyofuliwa, nikamkunjia karibu na pua. Akavuta pumzi. Akashika pembe ya leso kwa mdomo, akainyonya, akanyamaza. Mwanamke yule alitazama sana.

Ndipo nikamwona binti yangu anatoka upande wa Kenya, ameinama, mkono tumboni, miguuni ana malapa. Nikataka kusimama. Askari mwanamke akanizuia bega. "Kaa. Usiseme hata neno." Akamwendea, akamsimamisha mbali nasi, lakini tulisikia.

"Mama, habari. Unamfuata mtoto?"

Binti yangu akatazama watu wale wote, vichwa kwa vichwa, macho yote kwa mtoto.

"Ndiyo."

"Mtoto gani?"

"Wa kike," akasema. "Kabaya tu, kako hapo kwa mama."

"Ana miezi mingapi?"

"Anakaribia mwaka."

Askari kijana akaanza kucheka, akajishika kiuno. Askari mwanamke alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Na jina lake?"

"Bado hatujampa."

"Haya, huyu ni binti yake," askari kijana akasema. "Uongo wao ni mmoja, hata nukta haikosi. Kwetu pia bibi yangu aliniita msichana mpaka nikaota meno. Jaja, mpatie mtoto."

Binti yangu hakuelewa wanachekea nini. Akakaa kwenye benchi taratibu, nikampa mtoto, nikawafunika wote wawili kwa leso na nikasimama mbele yao mtu asione. Mtoto alitafuta, akapata, akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena akalia kwa hasira. Binti yangu akafumba macho. Nilimsugua mgongo tu kama nilivyosuguliwa mimi. Akavuta tena, na baadaye kidogo nikasikia sauti ile ya koo, anameza. Kisha akameza tena.

Watu walikwenda zao. Yule mwanamke alibaki. Akaniambia jirani yake aliibiwa mtoto kituo cha magari, na mwizi alikuwa mama mzee kama mimi, amefunga mtoto vizuri kama mimi. Alipoandika kwenye simu ndani ya gari alikuwa anamwuliza dada yake afanye nini.

"Nisamehe, mama. Niwabebee mfuko wenu basi, mgonjwa asichoke."

Nikampa mfuko wa nguo. Chupa ya maji nikabaki nayo. Tukaenda mpaka kwa wifi, yeye mbele, sisi nyuma, na mimi nyuma ya wote ili nimwone. Mlangoni akaweka mfuko chini, akachungulia ndani ya leso, akatabasamu.

"Sasa niambie jina lake."

Binti yangu akanitazama, nami nikamtazama.

"Hajapewa," nikasema.