Vipimo vya Odilia

Odilia wa Rungwe Mpya alikuwa akisomea kemia chuo kikuu. Kwa miaka miwili alichunguza nyuzi ndogo mno zenye chaji ya umeme, zilizooteshwa juu ya kioo kama nywele za brashi. Kwenye maji safi nyuzi zilisukumana zikasimama wima. Maji yakitiwa chumvi, zilinywea zikalala. Odilia alipima kwa subira zinalala kwenye chumvi kiasi gani, akamwonyesha mtu mmoja tu, Ghati, rafiki yake wa maabara.

Siku moja ya likizo, akisubiri basi Kasulu, alifungua simu akakuta jarida la kisayansi limechapisha vipimo vile vile. Jina lilikuwa la Ghati peke yake.

Akampigia papo hapo.

"Ghati, nilikupa usome tu!"

"Dada, ungechelewa kuandika. Nimekusaidia."

"Umenisaidia kwa kunifuta?"

Ghati akakata simu.

Odilia alimtumia profesa wao picha za daftari lake lenye tarehe za vipimo, naye akaliandikia jarida. Baada ya miezi mitatu jarida lilisahihisha, jina lake likawekwa. Hakufurahi alivyotarajia. Ghati alikuwa amekula Krismasi mbili nyumbani kwa kina Odilia, na mama yake Odilia bado anamuulizia.