Nililifufua gemu la zamani la disketi nikiwa Ruangwa, nilichokikuta ndani kimenichosha

Wakuu, habari za Jumapili.

Hii ni ya kweli mwanzo mwisho. Sina faida yoyote ya kuwadanganya watu nisiowajua. Nilichobadilisha ni jina la dada yangu tu, tumuite Tuma.

Naandika kwa simu, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Laptop ninayo ila kwa sasa haipo kwangu, na kwa nini haipo ndiyo stori yenyewe.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Ruangwa, upande wa Chinongwe. Nafundisha hesabu. Nafundisha na kompyuta pia, kwa sababu siku moja walimu wenzangu waliniona nafungua CPU na kuirudishia ikawaka. Toka siku hiyo kila printa inayokwama wilayani inaletwa kwangu.

Nina arobaini na kidogo. Mgongo unauma, macho yanauma, rundo la madaftari halipungui. Nawaambia haya mjue nilikuwa kwenye hali gani nilipoanza huu upuuzi.

Sisi kwa asili ni watu wa Njombe. Baba alikuwa mkufunzi wa chuo, akahamishiwa Nachingwea tukiwa wadogo, tukakulia huko na mpaka leo mzee yuko huko. Pale chuoni kulikuwa na mkufunzi mmoja mzungu wa mkataba. Alipomaliza muda wake akamwachia baba kompyuta yake, ile nyeupe iliyogeuka njano, pamoja na kopo la biskuti lililojaa disketi.

Kwa vijana: disketi ni kile kibamba cha plastiki, bapa, cha kuhifadhia mafaili. Kimoja hakitoshi hata picha moja ya simu yako.

Kwenye lile kopo kulikuwa na gemu moja la disketi nne. Siyo la kupigana wala la magari. Ni yale ya kutembea, unaongea na watu, unaokota vitu, unafikiri ukitumie wapi. Wewe ni msafiri unatafuta kengele iliyoibiwa kwenye mnara. Basi.

Mimi nilikuwa darasa la sita, Tuma kidato cha kwanza. Umeme wa Nachingwea enzi hizo ulikuwa wa jenereta, unakuja kwa zamu. Baba alituruhusu Jumapili tu, baada ya kanisa, kwa muda wa saa mbili tu, anazipima kwa saa yake ya mkononi.

Maneno yote ni Kiingereza. Mimi nilikuwa najua "good morning teacher" na ndugu zake. Tuma ndiye aliyekuwa anakaa na kamusi mapajani, anatafsiri sentensi moja moja kwenye daftari la mistari, halafu ananiambia, "Haya, bonyeza." Mimi nilikuwa mkono tu. Kichwa kilikuwa yeye. Hili nimechelewa sana kulikubali.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana bila hapa hamtaelewa mbele.

Mwanzoni mwa gemu unakutana na mzee njia panda. Ana njaa, anaomba chakula. Kwenye mfuko wako una mkate mmoja na kisu. Ukimpa mkate anakupa ufunguo wa daraja. Ukishavuka daraja linavunjika, hurudi tena.

Siku tunafika kwa yule mzee, baba alikuwa amesimama nyuma yetu anaangalia. Tuma akauliza, tumpe wote au tumkatie? Baba hakusubiri nijibu. "Mgeni hapewi kipande." Nyumbani kwetu hiyo ilikuwa sheria. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa radhi sisi tulale na uji kuliko mgeni apewe kipande cha kuku.

Tukampa mkate mzima. Mzee akafurahi, ufunguo tukapewa, baba akaondoka ameridhika na malezi yake.

Tukavuka. Tukafika kwenye geti la mnara. Pale getini kuna mbwa.

Wakuu, yule mbwa alitusimamisha karibu mwaka mzima. Tulimpa kamba, tukampa ua, tukampa kofia. Tulimwimbia. Kila Jumapili saa mbili zinaisha tunamwangalia mbwa.

Disketi ya kuhifadhia ilikuwa na nafasi ya save moja tu, yaani kumbukumbu ya pale mlipoishia. Save yetu niliiandika jina GETI. Nilikuwa naionea fahari sana, shuleni hakuna mtoto mwingine aliyekuwa amefika getini. Hakukuwa na mtoto mwingine mwenye kompyuta, lakini hilo sikulitilia maanani.

Tuma akaanza kusema turudi mwanzo. Anasema kuna kitu tumekikosea nyuma. Mimi sitaki kusikia. Mwaka mzima nimefika getini, nirudi mwanzo?

Jumapili moja nikaenda kwenye mpira. Nikarudi, nikawasha, GETI haipo. Kuna save nyingine, ina jina lingine. Nikajua kaanza upya na kufuta ya kwetu.

Sikuifungua. Hata kuangalia sikuangalia. Nilikimbia moja kwa moja kwa baba nikamwambia, "Dada kaharibu kompyuta."

Baba hakuuliza kaiharibuje. Alimwita Tuma, akamwambia mbele yangu kwamba kuanzia leo asiguse ile mashine. Tuma alifungua mdomo, akaufunga. Kwetu baba akishasema kasema.

Mimi nikaruhusiwa kuendelea. Kwa hasira ile disketi ya save nikaitupa chini kabisa ya kopo. Nikajaribu kucheza mwenyewe wiki tatu, nne hivi, bila mtu wa kamusi. Nikashindwa hata kumsalimia mzee wa njia panda. Nikaacha.

Tuma alipomaliza kidato cha nne, matokeo yake hayakuwa mabaya. Alitaka kusomea kompyuta. Baba akasema huyu na mashine za umeme hawapatani, akampeleka kushona. Miaka michache baadaye mimi ndiye niliyepelekwa kusomea hiyo kompyuta, kabla sijaingia ualimu.

Sasa tuje mwaka huu.

Likizo ya mwezi wa sita nilienda Nachingwea kumsafishia mzee stoo. Nikalikuta kopo. Nikalibeba mpaka Ruangwa kama mtu aliyeokota hela, nikijiambia nitapumzisha akili. Mnajua ile hamu ya kurudia kitu cha utotoni. Nilidhani itanipumzisha.

Laptop za siku hizi hazina mlango wa disketi. Nikaagiza kidude cha USB Kariakoo, kikaja na basi kimefungwa kwenye boksi la sabuni. Disketi ya tatu ilikuwa na ukungu. Nikaifungua, nikaifuta kwa pamba na spirit, nikairudishia. Ilisoma kwa sauti kama mtu anasaga karanga, lakini ikasoma.

Nikakopi mafaili yote. Nikabonyeza. Windows ikaniambia programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Asante sana.

Ikabidi nitafute emulator, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Gemu likafunguka, mouse haionekani. Nikarekebisha mouse, sauti hamna. Nikapata sauti, msafiri wangu akawa anakimbia kama kaiba, maana mashine ya sasa ina kasi kuliko ile. Nikashusha kasi, akawa anatembea kama anaumwa.

Jumamosi tatu zilikatika hivyo kwenye maabara ya shule. Umeme nao ukipata nafasi unanisaidia kuzima. Kuna wakati nilijiuliza mwanaume mzima nafanya nini, mitihani ya mock haijasahihishwa.

Jumamosi ya nne ikatulia. Nikaanza mwanzo. Kiingereza sasa nakijua, kamusi sihitaji. Nikafika kwa mzee wa njia panda, anaomba chakula.

Nikampa mkate mzima.

Naapa sikufikiria hata sekunde. Mkono ulienda wenyewe. Nimesoma chuo, nimefundisha miaka kumi na tano, na bado nikampa mgeni mkate mzima kwa sababu mgeni hapewi kipande.

Daraja likavunjika. Nikafika getini. Mbwa yuleyule.

Nilimwangalia nikahisi uchovu wa ajabu. Nikataka kufunga nilale. Ndipo nikaikumbuka disketi ya tano, ile ya chini ya kopo. Juu ina karatasi, mwandiko wa Tuma: SAVE, USIGUSE.

Nikaiingiza. Ndani kuna save moja tu. Jina lake NUSU MKATE.

Nikaifungua.

Msafiri amesimama mbele ya mbwa. Nikaangalia mfukoni. Kuna kisu, ufunguo, na nusu ya mkate.

Wakuu, niliondoa mikono kwenye keyboard. Msichana wa kidato cha kwanza alikaa na kamusi yake akagundua kwamba sheria ya baba yetu ndiyo iliyotukwamisha. Yule mzee ukimpa nusu anashukuru vilevile na ufunguo anakupa. Nusu nyingine ni ya mbwa. Ile GETI niliyoililia haikuwa na mbele. Ningeweza kukaa pale mpaka leo na nisingepita.

Lakini kilichonisumbua ni kingine. Amefika mpaka getini, mkate anao, mbwa yupo mbele yake. Amebakiza kubonyeza mara moja tu. Kwa nini hakupita?

Jumamosi iliyofuata nikapanda pikipiki mpaka Nachingwea na laptop mgongoni. Vumbi lote la njiani nililifikisha kwa Tuma. Ana fremu yake ya duka pale mjini, anashona sare za shule na za kwaya. Ndiye anayempikia mzee na kumpeleka kliniki. Mimi natuma salamu.

Nikamsalimia, nikaweka laptop juu ya meza ya kukatia, nikafungua. Akafuta chaki vidoleni, akavaa miwani, akainama.

"Hiki kijibwa bado kipo?"

Nikamuuliza, dada, siku ile mbona hukupita?

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Nilikuwa nakusubiri utoke mpirani. Nilitaka tupite wote."

Nililia, wakuu. Mwanaume mzima kwenye fremu ya ushonaji, mteja mmoja mama wa kwaya ananiangalia. Nikamwambia nisamehe, nilikusingizia.

Tuma alivuta pumzi. Siyo kwa hasira, amechoka tu. "Mimi usiniombe, mdogo wangu. Mimi nilishashona vitambaa vingi sana juu ya hilo. Kamwambie baba. Yeye ndiye uliyemwambia uongo."

Nikaenda. Mzee alikuwa amekaa barazani anasikiliza redio. Nikamwamkia, nikakaa, nikazunguka weee na habari za mvua na korosho. Mwisho nikasema.

"Baba, siku ile Tuma hakuharibu kompyuta. Nilidanganya."

Akapunguza redio.

"Nilijua," akasema. "Kesho yake niliiwasha nichape mtihani wa chuo. Ikawaka vizuri tu."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa nimeshasema."

Hivyo tu. Nilikuwa nimeshasema. Nilitaka kumkasirikia, nikakuta nguvu sina. Wote wawili tulijua, kila mtu na kipande chake, na kati yetu hakuna aliyefungua mdomo. Dada akaenda kushona.

Jioni mzee akaniomba nimshike mkono tukamsalimie Tuma. Ni mwendo wa nyumba tano, kwake ulikuwa safari. Alipofika hakuomba msamaha, sitawadanganya. Alivuta kiti akakaa pembeni ya meza ya kukatia, akasema, "Hebu nionyeshe huyo mbwa."

Tuma akampa mbwa nusu mkate. Mbwa akala, akalala, geti likafunguka. Nyuma ya geti kuna njia nyingine na kisima. Basi. Tuma akacheka mpaka akavua miwani. "Mwaka mzima, kumbe nyuma kuna njia tu!" Mzee naye akacheka, halafu akaacha, akawa anaangalia mikono yake.

Niliporudi Ruangwa laptop nilimwachia Tuma. Shule ina nyingine mbovu mbovu, nitajibana nayo.

Sijui niwaambie nini kama somo. Nilienda kutafuta kupumzika nikarudi nimechoka zaidi, ila ni uchovu wa mtu aliyetua mzigo, mgongo unauma lakini mzigo upo chini. Nimejifunza kwamba neno la mtoto wa darasa la sita linaweza kumgeuza mtu njia ya maisha, na kwamba mwenye kukosea akinyamaza, anayejua naye akinyamaza, anayeumia ni yuleyule mmoja. Dada hajanidai kitu. Hilo ndilo linaloniuma.

Wenye uzoefu wa emulator na disketi za zamani, karibuni, hasa suala la sauti bado linakatika. Na kama kuna mtu ulimsingizia ukiwa mdogo, nawe shusha hapa, usione aibu, mimi nimeshaanza. Ila kabla hujaandika humu, mpigie yeye kwanza.

Wakati naandika huu uzi meseji ya Tuma imeingia. Naiweka kama ilivyo:

"Nimekwama kisimani siku ya tatu leo. Usiniambie. Njoo Jumapili baada ya kanisa."