Shamba Ninaloliona Nikifumba Macho

Bega langu la kulia liliganda msimu wa kupanda maharage. Nikatoka kwetu Mwakiro, huku Muyinga, hadi mjini Gitega, kwa kijana mmoja wa mtaa wa Mushasha anayenyoosha viungo. Akaniambia chini ya ngozi kuna utando mweupe, kama ule unaouona ukichuna mbuzi, na wangu umenata.

“Mama, fumba macho. Jione unalima, utando unateleza kama kitenge kilicholowa sabuni. Halafu ndiyo uinue mkono. Doucement, polepole.”

Nilikasirika. Nisafiri mbali kote huko nije kufumba macho? Lakini mvua ilikuwa imeshaanza na mume wangu alikuwa analima peke yake, basi nikajaribu kila asubuhi. Na kweli, kichwani jembe lilipanda na kushuka bila maumivu. Nikifumbua macho, mkono unaishia kifuani.

Wiki ya tatu ndipo nilipogundua kosa langu. Shamba nililokuwa naliona lilikuwa tambarare, la udongo mweusi: lile la Tanzania, nilikokulia ukimbizini. Hapa Muyinga tunalima mlimani, umeinama, mguu mmoja juu na mwingine chini.

Nikajilazimisha kuuona mlima huu. Nimejaribu, Mungu wangu, mpaka nimelia. Haunijii. Miaka yote hii nawaambia watu kwamba nimerudi nyumbani, na kila nikifumba macho niko kwenye lile shamba ambalo sasa wanalima wengine. Huko tu ndiko mkono wangu unakoinuka.